Kitenge cha Mama Ukutani

Buffalo, Alhamisi. Theluji haijaanguka bado, lakini anga limenuna tangu asubuhi, na mimi nimenuna nalo.

Mkaguzi wa ofisi ya nyumba amekuja na amekwenda. Nyumba yetu imefeli. Niliyeifelisha ni mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, na mpaka sasa sijui kama nimemtetea mama yangu au nimemtoa nje pamoja na binti zangu wawili.

Tunakaa hapa East Side kwa vocha, ile ya serikali ya kusaidia kodi ya nyumba. Kwa ambaye hajaishi nayo: unatafuta nyumba mwenyewe kwa mtu binafsi, naye akikubali, ofisi inakuja kuikagua. Ikipita, wewe unalipa sehemu kulingana na mshahara wako, na ofisi inamlipa mwenye nyumba sehemu inayobaki. Pesa hiyo haipiti mkononi mwako hata siku moja. Kila baada ya muda wanarudi kukagua. Wakikuta ubovu, mwenye nyumba anapewa siku za kutengeneza. Asipotengeneza, ofisi inamfungia malipo, na wewe unapewa ruhusa ya kwenda na vocha yako kutafuta kwingine kabla muda haujakwisha.

Donc, yaani ukaguzi ni wa kumlinda mpangaji. Nilielezwa hivyo siku ya kwanza ofisini, nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia ninajua sana.

Mwezi wa tisa walipotuarifu kwamba mkaguzi anakuja, nilifanya nilivyolelewa. Kwetu Uvira, kule Kongo, mgeni akisema anakuja, nyumba inafagiliwa mpaka nyuma ya mlango, na kilichooza kinafichwa. Chumbani kwa mama kulikuwa na doa la unyevu ukutani, pembeni mwa kitanda, na ukungu mweusi umeanza kuota juu yake. Nilisugua, doa likarudi. Mama akafungua sanduku lake, akatoa kitenge cha bluu alichotoka nacho kambi ya wakimbizi, kile ambacho hajawahi kukubali kishonwe. Tukakipigilia misumari ukuta mzima. Chumba kikapendeza, bon, kama kimetengenezwa kwa harusi.

Mkaguzi alikuwa bwana mrefu, mpole. Alijaribu mabomba, akapandisha dirisha, akabonyeza kengele ya moshi. Chumbani kwa mama alisimama akasifu kitenge. Nilimpa maandazi, akakataa kwa adabu, akasema kazi yake haimruhusu kula. Nyumba ikapita.

Nilijiona mwanamke kamili.

Jioni nilimpigia dada yangu Riziki, yuko Louisville, anafanya kazi ya ghala kule Jeffersontown. Nilimweleza huku nikicheka. Yeye hakucheka. "Weye kweli una akili?" akaniuliza. "Yule hakuja kukukagua wewe. Alikuja kukagua nyumba ya yule mzungu anayewapangisha." Nilimkasirikia. Nilimwambia Amerika imemwondolea haya.

Lakini ndivyo nilivyodhani moyoni, na leo nalisema wazi: nilidhani tunakaguliwa sisi. Kwamba mtu anakuja kuona kama tunastahili kusaidiwa, kama tu wasafi, kama tuna shukrani. Tumeishi miaka mingi tukitazamwa hivyo. Nani angeniambia mtu amekuja na karatasi kwa ajili ya kunitetea?

Baridi ilipoanza tulifunga madirisha, na mama akaanza kukohoa. Ana pumu ya zamani, lakini hii haikuwa ile. Alikuwa anaamka amekaa kitandani, mikono magotini, anavuta pumzi kwa nguvu, na pampu yake haimsaidii. Kliniki daktari aliuliza kama nyumbani kuna unyevu au ukungu. Nikajibu hapana, nyumba yetu ni safi. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu. Sijui kwa nini nilijibu vile. Ni haya tu, haya ya kijinga, nami nimezeeka nayo.

Wiki iliyofuata nilimwita mwenye nyumba. Si mtu mbaya. Theluji ikianguka huja mwenyewe kutusafishia ngazi, na mwaka jana siku mama alipotoka hospitali alileta supu. Nilimwinulia pembe moja ya kitenge; alitazama ukuta, akagusa kwa kidole, akasema mkaguzi alipita mwezi wa tisa na hakuona kitu. Tuwe tunafungua dirisha.

Tufungue dirisha. Buffalo. Mwezi wa kumi na moja.

Na angesema nini? Mimi ndiye niliyemshonea nyumba yake vazi la kupitia mtihani.

Riziki akaniambia niombe ukaguzi mwingine, mpangaji ana haki ya kuuomba. Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Niliogopa. Rafiki yangu wa Columbus, Mama Neema, nyumba yao ilifeli, mwenye nyumba hakutengeneza, akapewa muda wa kutafuta nyingine. Alizunguka mji mzima. Kila mwenye nyumba akisikia neno vocha, nyumba imekwisha kuchukuliwa tangu jana. Muda ukaisha, vocha ikaenda. Sasa analala kwa shemeji yake na watoto, na jina lake limerudi nyuma ya foleni. Hapa kwetu wanasema sheria hairuhusu mtu kukukataa kwa sababu ya vocha. Bon. Sheria haimzuii mtu kusema nyumba imechukuliwa.

Riziki anasema yakitukuta hayo, tuombe kuihamishia vocha Louisville. Mama hataki kusikia. Kanisa lake liko hapa, wanawake wenzake wa kwaya wako hapa, na ameshahama vya kutosha.

Ila juzi usiku alishindwa kumaliza sala kwa kukohoa. Asubuhi nikapiga simu ofisini.

Leo amekuja yule yule bwana mrefu. Kabla hajafika nilipanda kitandani kwa mama na kuanza kung'oa misumari. Mama akasimama mlangoni.

"We mama," akaniambia, "unavua nyumba nguo mbele ya mugeni?"

Niliendelea kung'oa. Machozi yalikuwa karibu, na misumari ilikuwa migumu.

Mkaguzi aliingia, akatazama ukuta. Weusi ulikuwa umepanda hadi usawa wa dirisha. Akapiga picha. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: hii ilikuwepo mwezi wa tisa? Nikaona njia mbili zote wazi. Ningesema hapana, na hakuna ambaye angejua.

Nikasema, ilikuwepo. Mimi niliifunika.

Hakunigombeza. Alisema wengi wanafanya hivyo. Akasema maji yanaingia kutoka nje, ukuta lazima ufunguliwe, na mwenye nyumba atapewa muda. Asipofanya, najua kinachofuata. Mkononi nilikuwa bado nimeshika msumari.

Alipoondoka, mama aliokota kitenge chake sakafuni ili akirudishe ukutani. Akakigeuza. Upande wa nyuma, bluu yote ilikuwa imekwisha. Ni weusi mtupu, umelowa, unanuka kama kisima kilichofungwa. Hapo ndipo kichwa chake kilipokuwa kikilala.

Nilingoja aniseme, ningeshukuru angenisema. Alikikunja vizuri, pembe kwa pembe, anavyokunja nguo za kanisani, akatoka nacho mpaka kwenye pipa la taka nje, bila koti.

Aliporudi aliuliza tu kama yule bwana alikunywa chai. Nikamwambia hakunywa. Akasema, "Akirudi, umupe hata maji."

Usiku huu analala kitandani kwangu, mimi nitalala na wasichana. Mwenye nyumba hajapiga simu. Labda atatengeneza. Labda mwaka mpya utatukuta Louisville, sakafuni kwa Riziki, mama akiwa hana kwaya. Sijui, na leo sitajifanya najua.

Mkaguzi akirudi, nitafagia, nitachemsha chai. Ukuta nitauacha kama ulivyo.