Vidonge Sita vya Jumamosi

Mafiga, Morogoro.
(Tarehe nimeiacha wazi makusudi. Utaikuta mwishoni.)

Kaka Agustino mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wifi Joyce na watoto, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la miwa kimekuachia. Huku kwetu hatujambo. Furaha wangu yuko bweni, masomo anasema yanakwenda, ila analalamikia maharage kama ulivyokuwa ukiyalalamikia wewe. Mimi kazini nipo, na mgongo wangu nao upo. Mama ni mzima. Hilo neno "mzima" naomba ulishike hadi mwisho wa barua, maana ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Wiki hii nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukusimulia joto la Morogoro. Wewe kaka unaanza kutoa majibu mtu hajamaliza swali, halafu unaweka sauti ya nje ili wifi naye asikie, basi maneno yananikauka. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Hata hivyo usidhani nimetulia. Tangu nianze kuandika nimeshainuka mara nne: kutazama chai, kufunga geti, kutazama chai tena, na mara ya nne sijui niliinukia nini.

Nianze na tangi la samaki, kwa sababu yote yametokea humo. Ulilileta kwa pikapu wiki ya Nane Nane, lile la kioo uliloachiwa na bosi wako alipohamishwa. Ulisema ni la mama. Alikuwa ameshatolewa mtoto wa jicho, bandeji zimeondolewa, anaona hadi mbu ukutani, na kila asubuhi alikuwa anasimama getini ameuelekea mlima, anauliza gari la kwenda Mgeta linaondoka saa ngapi na nani anamwagilia njegere zake. Ukasema tumpe kitu cha kutazama ndani ili aache kutazama nje, na macho yakishapona kabisa ndipo arudi kwake. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu, na mama aliyakubali.

Nilifuata maelekezo yako yote, kaka, naomba uamini hilo. Mchanga niliuchota mtoni Bigwa, nikauosha hadi maji yakatoka meupe na mikono yangu ikachubuka. Maji pia ni ya huko huko, ndoo sita, zimeletwa na bodaboda kwenye madumu, kwa sababu ulinikataza maji ya bomba. Hukuniambia kwa nini, nami sikuuliza. Mimea alinipa Mzee Mwinshehe, yule fundi friji mstaafu wa Bigwa anayefuga samaki uani kwake. Alikuja mwenyewe, akaichomeka mizizi mchangani mmoja mmoja, na mwingine akaufunga kwenye jiwe kwa uzi. Tukawasha pampu, ikaanza kubwabwaja. Tangi likapendeza sana, halina kiumbe.

Hapo ndipo nilipoanza kuteseka. Niliambiwa wiki sita bila samaki! Mzee Mwinshehe alinieleza kwamba maji machanga yanaunguza samaki. Mkojo wao na mabaki ya chakula hugeuka sumu, na inabidi kwanza waote wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wakae mchangani na kwenye sponji ya pampu, wawe wanaila hiyo sumu. Nitie chembe za chakula zioze, ili wadudu hao wapate cha kula. Kisha nipime kwa vile vitone ulivyoleta: maji yakigeuka kijani bado yana sumu, yakibaki njano yameiva. Alisema nipime mara moja kwa wiki. Mimi nilikuwa napima kila siku kabla ya kupiga mswaki. Wewe unanijua, hata wali naufunua kabla haujakauka. Majirani wakaja kutazama maji matupu, wakaniuliza kama samaki wangu ni wa kuombewa ndipo waonekane. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa naona aibu na hasira.

Aliyeelewa ni mama peke yake. Alikaa kwenye kigoda mbele ya tangi, akaniambia mbona hili ni jambo la mbolea tu. Mbolea ya mbuzi ikitoka bandani mbichi ukaiweka kwenye kabichi, kabichi inaungua. Unairundika, unaifunika, unaiacha hadi harufu ya kukera iishe. Hakuna mtu anayesimama juu ya rundo kulihimiza. Akanikataza kabisa kutia mkono ndani ya yale maji. Mama huyo huyo, kaka. Kumbuka hilo.

Wiki ya tano vitone vilibaki njano siku tatu mfululizo. Mzee Mwinshehe akaleta samaki watano wadogo wenye mikia ya rangi, na kipande cha sponji kuukuu kutoka kwenye tangi lake ili wadudu wazidi. Mama aliwapa majina samaki wote, mmoja akamwita Agustino kwa sababu alikuwa anawasukuma wenzake. Siku hizo mama hakwenda getini kabla ya chai. Nilimsikia akiimba. Nami nikirudi kazini nilikuwa nakuta nyumba inanukia vitunguu, kuna mtu ananiuliza kwa nini nimechelewa. Tangu niachane na baba Furaha hakuna aliyekuwa ananiuliza.

Kisha maji yakaingia ukungu, meupe kama ya kuoshea mchele. Nilimpigia Mzee Mwinshehe, akasema ni kawaida samaki wanapoingia, niache, yatajisafisha yenyewe. Niache siku ngapi? Akasema niache tu. Na wewe ulikuwa unakuja Jumapili na wifi na wageni wako wawili, baada ya misa.

Yaliyotokea Jumapili hiyo unayajua, ila nayarudia kwa sababu nataka uyaone kutoka upande wa kigoda cha mama. Mliingia, mkakuta samaki wote watano wameelea tumbo juu. Ukakasirika. Mzee Mwinshehe akaja, akachovya kidole, akanusa, akasema hii ni dawa ya kutibu maji, ile ya vidonge, imeua samaki na wale wadudu wote. Sote tukamgeukia mama. Nani asingemgeukia? Kopo la vidonge ni lake. Tangu kipindupindu cha mwaka ule Mgeta, kazi yake ya kila jioni ni kuweka kidonge kimoja kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Ukamwuliza kwa sauti ya upole, ile ya kumwuliza mtoto, kama aliweka vidonge kwenye tangi. Akasema hakumbuki kuweka. Wewe ukasema ndiyo hivyo, hakumbuki. Halafu mbele ya wageni ukamwuliza leo tarehe ngapi. Akasema ni Jumapili, tarehe haijui. Kaka, hata mimi sikuijua. Nilichungulia kwenye simu.

Kabla ya jua kuzama ulikuwa umeamua. Mama hawezi tena kuishi peke yake mlimani, atawasha moto usiku asahau, atateleza kwenye matuta. Atakaa hapa Mafiga moja kwa moja, na mashamba alime binamu Godfrey. Wote tulitikisa kichwa kukubali. Mama alikuwa anatazama mikono yake.

Tangu siku hiyo nimeishi na mtu mwingine. Haendi getini, haimbi. Asubuhi moja nilimwona bombani anafunga maji, anarudi kuhakikisha, anarudi tena, na kila mara anashika pindo la kanga yake. Nilipokuwa nafua ndipo nikaona: pindo lote lina mafundo. Nilimwuliza. Akanionyesha bila kunificha, fundo hili ni la bomba, hili ni la jiko, hili ni la mlango, hili ni la kunikumbusha kumwombea baba yenu. Akasema anayafunga ili asije akatuua kama alivyowaua wale samaki. Kisha akanipa kopo la vidonge, akaniomba nilifungie kabatini na ufunguo nisimwonyeshe hata akiuomba. Alisema usiku anajaribu kukumbuka alivyoviweka, anatafuta, anajiona kabisa mkono wake juu ya maji, lakini hajui kama ni kumbukumbu au ni sisi tuliomwambia.

Nililichukua lile kopo, kaka. Nilifungua kabati nikaliweka, nikafunga kwa ufunguo. Nilifanya hivyo mbele yake.

Dawa niliweka mimi.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mama amekwenda kwenye sala za jumuiya. Nilirudi sokoni nikakuta ukungu uko vilevile, nikawaza wageni wako wanakuja, nikashindwa kukaa. Kopo lilikuwa dirishani. Kidonge kimoja ndoo moja; tangi lilimeza ndoo sita, nikaweka sita. Nilidhani kinachosafisha maji ya mtu kitasafisha ya samaki. Ilipofika jioni maji yalianza kung'aa, nami nikajipongeza. Mama aliporudi hata alisifu.

Mbele yenu nilinyamaza kwa kukuogopa. Nilisema moyoni nitaongea wageni wakiondoka. Lakini uliposema mama harudi tena Mgeta, nilifurahi. Hapo ndipo penye ubaya wangu, usiutafute kwenye vidonge. Nilifurahi kwamba nitakuwa narudi kazini nakuta taa inawaka. Siku kumi na sita nimemwacha mama yetu ajione mwendawazimu ili mimi nisile peke yangu. Naona aibu hata kuandika, ila nimeshaandika.

Nilimwambia Jumanne asubuhi, anachambua mchicha. Nilipiga magoti. Aliendelea kuchambua hadi fungu likaisha. Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Halafu akasema angeibiwa kuku angejua ameibiwa. Hapa ameibiwa, kisha akaambiwa amepoteza mwenyewe. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuthubutu kumwuliza. Alivuta pindo la kanga akaanza kufungua mafundo. Mengine yalikuwa yamekaza, akayafungua kwa meno. Lile la baba hakulifungua. Kisha akaniuliza gari la Mgeta linaondoka saa ngapi.

Kwa hiyo kaka, Jumamosi hii nampeleka nyumbani kwake. Usipige simu kunizuia. Jana nilimrudisha hospitali, daktari akamkagua macho na akazungumza naye kwa muda mrefu, akasema haoni sababu ya kumzuia kwenda. Nimeomba ruhusa kazini wiki moja nikamsaidie kuandaa matuta, na nitakuwa napanda mlimani kumwona kila mwisho wa mwezi. Godfrey mwambie wewe, kwa kuwa ni wewe uliyempa mashamba. Na wale wageni wako waliosikia ukimwuliza mama tarehe, nao waambie. Hasira yako nitaipokea yote, ila naomba uilete kwangu, isipite kwa mama.

Tangi lako lipo. Nimelianza upya, mchanga mpya na maji mapya ya Bigwa, na Mzee Mwinshehe amenikatia tena kipande cha sponji baada ya kunitazama kwa muda mrefu. Halina samaki. Sijalipima tangu Jumatatu.

Barua hii nimemsomea mama yote. Mahali nilipokuwa nimeandika kwamba dawa "iliingia" ndani ya tangi alinisimamisha, akasema dawa haina miguu. Nimechana ukurasa huo nikauandika upya, kama ulivyousoma. Msalimie sana wifi Joyce na wanangu wote, waambie shangazi yao anawapenda hata kama mwaka huu hakuwa mtu wa kuigwa. Salamu kwa majirani zenu wa kambini. Ukipata nafasi njoo, lakini njoo Mgeta.

Ni mimi mdogo wako aliyekukosea,
Editha.

Mama ameomba kalamu. Yafuatayo ni mkono wake, sijamsaidia wala hajaniuliza kitu:

Agustino mwanangu. Leo ni Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025. Uliniuliza. Mwambie Godfrey jembe langu aliache pale alipolikuta. Mimi mama yako, Rosa.