Gari Halizikwi Likikohoa

Baba,

Chai iko kwenye chupa. Mnunuzi wa chuma chakavu akija saa sita, mwambie hapa hakuna maiti.

Asubuhi ulinifokea kwamba nimeliua gari la babu kwa ujuaji. Kweli, nilikosea. Lilikuwa zito kuvuta, nikazungusha distributa, ile inayogawa moto kwa plagi, ili moto uwahi, na mlimani likaanza kugonga na kukohoa. Lakini uzito ulitoka wapi? Leo nimeuchomoa ule mpira mwembamba unaotoka kabureta kwenda kuivuta distributa, nikaunyonya kwa mdomo, upepo ukavuja. Umepasuka palepale ulipoufunga wewe kwa uzi mwaka juzi! Nimeweka mpya, nimerudisha taimingi ya moto kwenye alama yake.

Akohoaye hazikwi,
hupewa dawa kapona.

~~Ukiliuza usiniite mwanao.~~ Hapana. Ukitaka kuliuza, liuze likinguruma.

Kabla ya saa sita simama mlangoni usikilize. Tunapanda kilima cha shule. Likigonga hata mara moja, funguo nitamkabidhi mnunuzi mimi mwenyewe.

Mwanao, mjuaji

Usimtafute Mama. Yuko kiti cha mbele, amefunga mkanda, ananiambia niache kuandika tuondoke.