Kidirisha cha Bucha

Kitwe, 14 Agosti 2004

Mpendwa ndugu yangu Kasonde,

Salamu zikufikie huko Kasama, wewe na wajukuu. Kifua chako kimetulia? Nasikia baridi ya Juni iliwashika vibaya. Sisi huku wazima, ila magoti yangu yameanza ukaidi. Nikipanda ngazi yananitukana.

Nilikuandikia kwamba nimetiwa kwenye kamati ya makumbusho mapya ya historia ya mji. Basi tunafungua mwezi ujao, na mpaka leo tunagombania kila kitu kikae wapi. Chumba cha kwanza ni cha mgodi: kofia, taa, na picha za wanaume walionuna. Cha pili ni cha wanawake wa kompaundi, mitaa ya wachimba mgodi, na humo ndimo kwenye vita. Anayepanga vyumba ni binti mmoja aitwaye Mapalo, msomi, mpole, daftari halimtoki mkononi. Yeye ndiye aliyekiokoa kile kidirisha cha bucha siku jengo lilipobomolewa. Unakikumbuka. Wazungu waliingia mlangoni, sisi tukapanga foleni ubavuni, tukapenyeza hela, tukapewa nyama iliyokwisha kufungwa gazeti. Kama ni mifupa mitupu, utajua ukifika nyumbani.

Mapalo alitaka kukitundika juu ukutani, kimulikwe taa. Nikamwambia, mwanangu, ukikiweka juu kitakuwa pambo. Kiweke kimo chake kilekile, mtu mzima ainame. Akapima, akainama mwenyewe, akakaa hivyo kidogo, kisha akasema nimeshinda. Nilijivuna siku nzima.

Mwenyekiti wetu ni mama yake Mutale, Bana Mutale yuleyule aliyekuwa akilinda bucha kwa fimbo, asinunue mtu, mwaka 1956 tulipoisusia. Kazeeka, lakini ulimi haujazeeka. Alileta majina arobaini ya akina mama waliosusia, yaandikwe kwa herufi kubwa ukutani. Tukapiga makofi. Halafu akatoa karatasi ya pili. Akasema historia haipakwi mafuta, aliyewasaliti wenzake naye aandikwe, pale chini ya kidirisha. Jina lilikuwa moja tu, la mama yako, Bana Kasonde.

Mapalo akauliza ushahidi uko wapi. Bana Mutale akajibu kwamba mifupa ilikutwa kwenye shimo la jivu la nyumba yake, imefungwa gazeti la bucha, na alipoulizwa hakufungua kinywa. "Mtu asiye na kosa ananyamazaje, we mtoto?" Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikakodolea macho kikombe changu cha munkoyo.

Yaliyofuata mwaka ule unayajua kuliko mimi. Walivyomtenga bombani, walivyokataa hata kuazima moto jikoni kwake, mpaka mkafunga mizigo mkarudi kijijini.

Kasonde, mama yako hakununua ile nyama. Nilinunua mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Natamani ningeweza kuandika kwamba mama yangu alikuwa mgonjwa, au kwamba mtoto alikosa maziwa, lakini sivyo. Nilichoshwa na kapenta, dagaa wale wale kila siku, basi. Nikachomoa shilingi kwenye kitambaa cha mama, nikaenda alfajiri kabla wenye fimbo hawajafika. Kwetu nisingeweza kupika, ndiyo maana nilikuja kwenu mama yako akiwa shambani. Nikakudanganya kwamba mjomba katuma nyama ya porini kutoka Luapula, na kwamba usimwambie mtu. Tukaipika wawili, tukala, tukalamba vidole, na wewe ulipokwenda kuchota maji nikaifukia mifupa kwenye jivu lenu.

Jumanne nilisimama kikaoni nikayasema yote. Bana Mutale akaniita nyoka. Kisha akavua miwani, akauliza kwa sauti ndogo kama Bana Kasonde yu hai. Nikamwambia ana miaka sita kaburini. Akaichana ile karatasi. Nimemwomba Mapalo jina la mama yako liwe la arobaini na moja kule juu, na chini ya kidirisha aandike langu. Wamekubali.

Lakini liko jambo ambalo halitaandikwa ukutani. Siku ya msiba uliniambia kwamba mama yako, kabla hajakata roho, alikushika mkono akasema amekusamehe, nawe hukujua kosa gani. Ukaniuliza mimi. Nikakujibu labda ni homa. Nilidanganya tena. Aliporudi kutoka shambani siku ile alikuta sufuria tuliyoiacha ina mafuta, Kasonde, na aliyebaki nyumbani ulikuwa wewe. Mbele ya wale wanawake alinyamaza ili wasikuguse. Amekufa akiamini ni wewe.

Samahani ni neno dogo, lakini sina jingine. Ukija kwenye ufunguzi, kitanda chako kipo kwangu. Usipokuja, sitauliza kwa nini. Wajukuu wape salamu za bibi yao wa Kitwe, kama bado utataka waniite hivyo.

Mimi,
Bwalya