Uraia gani niandike?

Mjukuu wangu Neema,

Hapa kambini Dzaleka tuko muzuri, mdogo wako amepona malaria. Umeniuliza uandike uraia gani kwenye fomu ya université huko Lilongwe, maana umezaliwa Malawi lakini uko mkimbizi.

Mi pia niliulizwa hivyo kule Uvira, Kongo ikiitwa bado Zaire, nikiomba shule ya ualimu. Kwa woga niliandika Mzairwa. Sekretere wa shule, mama mmoja, alijua wazazi wangu walitoka Burundi. Akanipa fomu mpya, akasema polepole, "Binti, andika vile uko. Diplome ya uongo watakunyang'anya."

Nikaandika: Mrundi, mkimbizi. Nilingoja mwaka mzima, kisha wakanipokea. Namshukuru yule mama kila nikisali. Kwa diplome ile nilifundisha watoto hapa kambini, na mama yako alijifunzia kusoma kwangu.

Nyanya yako,
Espérance