Shangazi Verna na Picha ya Brigedia

Gwen, shika simu! Shangazi Verna ameongea katikati ya kimya. Kile kimya cha kuwakumbuka wafu wa vita!

Ukumbini walikuwa wamemaliza kumsifu Brigedia Hallett. Vita vya Kwanza vya Dunia kapteni, vya Pili brigedia, medali tele. Wakasimama mbele ya picha yake, hata kikohozi hakuna. Shangazi akaiambia PICHA:

"Amos Tibbo, baba yangu mdogo. Mizinga ilimtetemesha, ukamwita mwoga, ukaamuru wenzake wampige risasi."

Aliiambia picha, Gwen! Miaka yote napiga kelele picha ile ishushwe, sijawahi kuthubutu hivyo.

Mjukuu wa Brigedia akamfuata hadi mlangoni, anatabasamu. "Bibi Verna, umesahau unalala kwenye nyumba ya nani?"

Nikamwambia, "Mtishe mwanamume mwenzako, mwoga we!" Akacheka tu.

Sasa gari lake limesimama nje ya nyumba aliyompangisha Shangazi, taa zinawaka. Njoo upesi.

Tuko ndani, Shangazi hajavua koti, ua jekundu la kuwakumbuka wafu bado kifuani. Mikono inamtetemeka, anaificha chini ya mto wa kiti. Ameniuliza polepole:

"Siku hizi anayetetemeka wanamfanyaje?"