Barua Uliyoandika na Ile Niliyoisoma

Mkongani,
S.L.P. 23,
Kwale.
Jumapili, 20 Machi 1966.

Mpendwa mdogo wangu Mwero,

Shikamoo yako ya kwenye barua nimeiitikia kwa sauti, peke yangu jikoni, mpaka kuku wakashtuka: marahaba, marahaba sana. Hujambo? Kifua je, kimepona? Na hiyo baridi ya Chekoslovakia imepungua walau kidogo, au bado unalala na soksi pea mbili? Sisi huku hatujambo. Mahindi tumeshapanda, mbuzi mweusi amezaa pacha, na Mama ni mzima, isipokuwa magoti yanamsumbua akipanda kutoka kisimani.

Najua unangoja nifike kwenye jambo lenyewe. Nafika, ila nivumilie, maana barua hii nimeianza mara nne na mara zote nne nimeichana.

Mwero, katika barua yako ya Januari umesema ulimwomba Mama ruhusa ya kurudi nyumbani na jibu lake halikuigusa ruhusa hiyo hata kwa neno moja. Umesema kama moyo wake umekuwa mgumu kiasi hicho, basi huna haja ya kuandika tena. Mdogo wangu, Mama hakukunyima jibu. Hakuwa na habari. Mkosaji ni mimi.

Unajua barua inavyosomwa kwetu. Barua ni ya mtu mmoja, wasikilizaji kumi na wanane. Siku ilipofika ile ya Julai, Mjomba Chome alikuja na kigoda chake, wake zake wakaja, na jirani yetu Kanyiva, yule mama wa Kikamba aliyehamia ng'ambo ya kijito, akaja na kunde zake za kuambua. Mama akakaa mbele kabisa, kajifunga leso mpya. Nikaifungua. Mstari wa kwanza salamu. Mstari wa pili: "Mama, nimeanguka mtihani wa lugha, wenzangu wameingia darasa la udaktari na mimi nimebaki nyuma, nalia kama mtoto, nataka kurudi."

Nilimtazama Mama, nikamtazama Mjomba ambaye alikuwa ameshawatangazia watu wa Kwale nzima kwamba mpwa wake ni daktari, nikaona siwezi. Basi nikafungua kinywa changu na kusoma yasiyokuwamo. "Mama, mimi ni mzima, nimenenepa, walimu wananipenda, nimepewa koti la sufu." Watu wakashangilia. Ee bwana, Mjomba akataka isomwe tena! Ikasomwa. Kisha akaja mzee mwingine aliyechelewa, ikasomwa mara ya tatu, na mimi natokwa na jasho nikikumbuka kama koti nililisema kabla ya walimu au baada. Mama aliishika yote kwa moyo. Alikuwa akiimwaga kwa Kanyiva kisimani kama mtoto aliyehitimu chuoni.

Na jibu ulilopata, lile la "vumilia, mambo yatakuwa mazuri", halikuwa la Mama. Yeye aliniambia niandike kwamba amefurahi kusikia umenenepa. Ningekuandikiaje neno hilo, wewe unayelia? Nikakutungia wewe uongo wa Mama kama nilivyomtungia Mama uongo wako. Nilijiona nina huruma. Leo najua nilikuwa naogopa tu.

Mwezi wa Agosti walikuja hapa vijana wa kambi ya kazi, wametoka nchi mbalimbali, Denmark, Uganda, Uhabeshi, wakakaa wiki tano kutujengea darasa jipya pamoja na vijana wetu. Wanafunzi kama wewe, wamekuja kutumia likizo yao kwa watu wasiowajua. Mmoja, msichana wa Denmark, alikuwa akikanyaga udongo kwa miguu na sisi, na akijitwika ndoo inamwagika yote mgongoni kabla hajafika. Tulicheka, naye akicheka. Kisha homa ikamshika. Mama akamkuta nyuma ya ukuta analia, anamwita mamake kwa lugha yao. Akamleta nyumbani, akampikia uji wa mtama, akamnywesha mwenyewe kwa kata siku tatu.

Siku ya pili, Mama huku anakoroga uji, akaniuliza, "Na Mwero huko, akiugua, nani humpa uji?" Nikamjibu, "Mwero ni mnene, Mama, haugui." Mwero, nilipolisema hilo nilijichukia. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Darasa lilipokwisha, mwalimu mkuu akaniomba nifundishe ngumbaru saa kumi za jioni, watu wazima wakitoka shambani. Mimi sina cheti cha ualimu, nina darasa la nane langu tu, lakini nilikubali. Walijiandikisha ishirini na wawili. Mama alikuwa wa kwanza. Alisema amechoka kubonyeza kidole gumba kama mtu asiye na jina.

Natamani ungemwona. Wiki ya kwanza alishika penseli kama mpini wa jembe, akavunja ncha mbili. Wiki ya tatu alishindwa kuandika S ya jina lake, kila akiiandika inageuka upande mwingine, akatupa kibao akatoka. Nilimkuta kwenye mihogo anafuta macho. "Mimi ni mzee, Mbodze, kichwa kimekauka." Kesho yake alirudi, akakaa palepale. Nilikuwa namtazama nikikuwaza wewe na hicho Kicheki chako, nikaona kumbe nina wanafunzi wawili wa nyumba moja wanaotokwa na machozi kwa maneno mageni, mmoja hapa na mmoja huko, na wala hawajui kwamba wako darasa moja.

Sasa sikiliza kilichonipata. Vitabu vya kusomea tunavyo sita tu. Mwezi uliopita nikawaambia, kila mtu alete chochote chenye maandishi kilichomo nyumbani mwake, tukisome darasani. Nilijiona mwalimu hodari! Kanyiva akaleta karatasi ya sabuni, akaisoma yote. Mzee Dzombo akaleta kipande chake cha zamani, ile kadi ya utambulisho ya kazi ya shamba la miwa, alichokihifadhi kwenye kikopo miaka kumi na mitano, akakisoma, kumbe ni cha mwenzake aitwaye Tembo! Tulicheka mpaka Kanyiva akashika mbavu. Mzee akawa anasema, "Basi huyo Tembo anatembea na changu wapi?"

Hapo Mama akasimama. Akatoa kwenye leso barua yako ya Julai.

Sikuwahi kufikiri. Wallahi, Mwero, niliposema "chochote chenye maandishi" haikunijia hata mara moja kwamba katika nyumba yetu maandishi ni barua zako. Nilitaka kusema tumechelewa, jua limeshuka, tufunge. Lakini alikuwa ameshaanza. Aliichagua hiyo kwa sababu anaijua yote kwa moyo, alitaka wenzake waone anavyosoma bila kukwama. Kidole kikawa kwenye karatasi, na kinywa kikatangulia: "Mama, mimi ni mzima, nime..." Kidole kikasimama. Akarudi nyuma. "Ni-me-a-ngu-ka." Akaisoma tena, polepole. Kisha akanitazama na kusema, "Mwalimu, haya maneno si yale."

Hakuniita Mbodze. Aliniita mwalimu.

Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alikunja barua, akaenda nyumbani, akachukua nyingine mbili kutoka kwenye sanduku, ile ya Januari ikiwamo, ambazo nazo nilimsomea uongo, na kwa siku nne akazisoma zote, mchana, mlangoni, kidole mstari kwa mstari. Nikisogea kumsaidia anafunika karatasi kwa kiganja. Aliniita mara moja tu, kuniuliza neno "Vietnam" ni kitu gani. Nikamwambia ni nchi, ndiko anakotoka mwenzako mnayelala chumba kimoja, ambaye naye lugha ilimpiga chenga, na kwamba sasa mnafundishana, yeye anakushikia maneno na wewe unamshikia hesabu. Akaitikia kwa kichwa. Akasoma pia habari za ile likizo yenu ya Septemba, mlivyopelekwa kuchimba viazi na wanafunzi wa nchi nyingi, na za yule bibi kizee wa chini ya ngazi unayempandishia makaa kila asubuhi bila kuombwa. Hayo mazuri nayo niliyaruka, Mwero. Nilikuwa na haraka ya kutunga yangu, nikayaacha ya kweli ambayo yangetosha kumfurahisha.

Siku ya tano aliniambia, "Umeninyima machozi ya mwanangu. Nani amekwambia siyawezi?" Nikampigia magoti. Akaniinua, lakini hajanizoea bado kama zamani. Nastahili.

Mjomba Chome habari imemfikia. Amewaka. Anasema hutarudi mikono mitupu, atauweka wapi uso wake, na kwamba mtihani wa marudio wa Juni upo, na ukishindwa huo ndipo tuzungumze. Ni mkali lakini nakuambia kweli, jana nilimkuta kwa fundi wa baiskeli akiuliza kama makoti ya baridi yanapatikana Mombasa. Usimchukie.

Mimi mwenyewe sina ushauri wa kukupa, na baada ya niliyoyafanya sina haki. Nikikuambia baki, utasema dada anaficha aibu yake. Nikikuambia rudi, nitakuwa nimekukatia njia uliyokwisha kuilia mwaka mzima. Ninalojua ni moja: kuanzia leo kila utakaloandika litasomwa kama lilivyo, hata likiwa la kutuvunja moyo, na msomaji si mimi tena. Nisamehe, mdogo wangu. Nimekuacha peke yako miezi minane na mama unaye.

Ruhusa uliyoomba si yangu kuitoa, ni ya Mama. Nilimwuliza nikuandikie jibu gani. Akasema nisiandike lolote, nimwachie nafasi chini ya karatasi. Ameketi pale mlangoni tangu adhuhuri na penseli yangu, na sasa kivuli cha kibanda kimeshavuka uwanja. Ameniambia akimaliza nitie kwenye bahasha bila kusoma. Nitatii. Kwa hiyo, Mwero, alilolijibu utalijua wewe kabla yangu.

Mjomba Chome na wake zake wanakusalimu. Kanyiva anakusalimu, anasema yule bibi kizee umwambie shikamoo yake. Mzee Dzombo anakusalimu, bado anamtafuta Tembo. Mungu akulinde na baridi, akufungue kichwa na kifua, na akupe watu wema popote ulipo kama alivyompa yule msichana wa Denmark mama yetu.

Ni mimi dada yako, niliyekukosea na nisiyechoka kukupenda,

Mbodze


Mwero mwanangu
Ni mimi mama yako Sidi naandika mwenyewe.
Nimesoma umelia. Nimelia na mimi sasa tuko sawa.
Mtihani ukiweza fanya. Ukishindwa njoo. Kitanda chako sijakitoa.
Mjomba niachie mimi.
Nani anakupa uji. Niandikie jina lake.
Andika kweli herufi kubwa. Nasoma polepole lakini nafika.