Umeme Mdogo wa Graciella

Lubumbashi, 9 Machi 2025, mwaka wa ishirini na sita tangu niondoke Butembo.

Dada Émerance,

Mahindi yetu ya huku Annexe, pembezoni mwa mji, yamekomaa, na goti langu limetulia.

Ukoo unaamuru mjukuu wangu Graciella afunge chumba chake cha urembo, la sivyo nitanyang'anywa kiwanja cha baba huko Butembo. Eti anaunguza nyuso za watu! Anapaka jeli ya vitamini C, kisha umeme hafifu wa betri unaisukuma vitamini hiyo ndani ya ngozi. Jumapili iliyopita majirani walipomzomea, niliketi kitini wa kwanza.

“Kambo, unaogopa?” akaniuliza; ndivyo huku wanavyomwita babu.

“Washa!”

Nilihisi mwasho kidogo tu. Jirani akauliza, “Itanifanya mweupe?”

“Hapana, mama,” Graciella akajibu. “Hapa hatubadilishi rangi ya muntu.”

Chumba hakifungwi. Kiwanja mpeni mwingine. Sitarudi.

Kaka yako,
Muhindo